Sufuria Kuukuu ya Presha: Silaha Isiyokaguliwa Humgeukia Mwenyewe

Hakuna askari asiyejua kwamba bunduki ya zamani si lazima iwe bunduki mbovu. Ziko bunduki zilizopita mikononi mwa watu wengi na hata leo zapiga barabara, na ziko mpya zilizoharibika upesi kwa kuwa wenyewe hawakuzisafisha. Kinachoamua si umri, bali ukaguzi. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kulitoa fundisho hilo katika ghala la silaha na kulipeleka jikoni. Huko nako kiko chombo ambacho kikitunzwa hulisha watu, na kikipuuzwa chaweza kuwaua pasipo mlio wala moshi. Chombo hicho ni sufuria kubwa ya presha, ile itumikayo kuhifadhi nyama, maharage na michuzi ndani ya chupa za kioo zenye midomo mipana.

Sababu ya kuandika habari hizi tuliipata kwa mzee mmoja, sajini mstaafu wa polisi, aliyetualika nyumbani kwake nje kidogo ya Kampala. Mzee huyo alikuwa amenunua sufuria ya namna hiyo miongoni mwa vyombo vya mitumba. Ilikuwa ya alumini nzito, imetengenezwa Marekani, ina nati sita za masikio pembezoni na geji ya mviringo juu ya kifuniko. Alitufungulia kabati akatuonyesha chupa saba za nyama ya ng'ombe, rangi yake nzuri, vifuniko vimeshika. Alikuwa amezitengeneza wiki tatu kabla ya siku hiyo. Nia yake ilikuwa kumpelekea mwanawe, askari aliyekuwa kikosini Karamoja, ambaye alimwambia kwa simu kwamba hakuna alichokitamani kama mchuzi wa nyumbani.

"Ndugu zangu, isifuni sufuria hii katika gazeti," alituambia. "Hiki ni chuma cha zamani, hakijui kuharibika."

Tukamwuliza swali moja tu: "Afande, geji hii ilipimwa lini?"

Mzee alinyamaza. Kisha akajibu kwamba hakujua kuwa geji nayo hupimwa.

Asili yake ni jeshini

Kabla ya kuendelea na habari za mzee huyu, yafaa tukumbuke kwamba ufundi wa kufungia chakula chomboni ulikua kwa ajili ya askari na mabaharia. Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitamutamu wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1749, alitumia miaka mingi kutia vyakula katika chupa za kioo, kuzikaza kwa vizibo na kuzichemsha majini. Jeshi la wanamaji la nchi hiyo lilizijaribu chupa zake baharini. Mwaka 1810 serikali ilimtunza faranga 12,000, kwa sharti kwamba autangaze ufundi wake kwa watu wote. Mwaka huo huo Peter Durand alipewa hataza nchini Uingereza ya kutumia mikebe ya bati, na mnamo mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na John Hall kilichokuwa Bermondsey, London, kilianza kuwapelekea wanajeshi wa Uingereza nyama ya mkebe. Hivyo basi, kopo analolifungua askari wa leo akiwa doria ni kitukuu cha chupa ya Appert.

Hata hivyo, Appert alijua tu kwamba chakula chake kilidumu; hakujua ni kwa nini. Ilipita nusu karne ndipo Louis Pasteur, naye Mfaransa, akaonyesha kazi ya vijidudu katika kuozesha vitu. Mnamo mwaka 1895 Samuel Prescott na William Underwood wa Boston, Marekani, walianza kuchunguza makopo yaliyovimba, wakatambua kwamba viko vijidudu vinavyoyastahimili maji yanayochemka. Desemba ya mwaka huo huo, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki wa bendi waliopiga katika mazishi walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Watatu kati yao wakafa. Mtaalamu Émile van Ermengem alikitafuta kilichowaua, akampata kijidudu ambaye leo huitwa Clostridium botulinum.

Baada ya hayo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitamka mwaka 1917 kwamba nyama, samaki, mboga na vyakula vyote visivyo na uchachu havina njia ya salama ya kuhifadhiwa chupani isipokuwa kwa mvuke wenye presha. Vita Kuu ya Pili ilipofika, raia wa nchi hiyo walihimizwa kulima bustani na kujihifadhia chakula nyumbani ili makopo ya viwandani yawafikie askari walioko vitani. Mwaka 1943 walijaza yapata chupa na mikebe bilioni 4. Alumini nayo ilitakiwa kwa kutengenezea ndege, basi sufuria za presha zikawa adimu na majirani wakatumia moja kwa zamu. Sufuria zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 zilikuwa nene na nzito, na nyingi zi hai hata leo. Ya mzee wetu ni ya ukoo huo.

Adui asiyeonekana

Kijidudu huyo yumo udongoni karibu kila mahali duniani. Hutuandamia kwenye viazi, karoti, maharage na hata ngozi ya mnyama. Tukila mbegu zake chache pamoja na chakula cha kawaida, kwa mtu mzima aghalabu hazidhuru. Hatari huanza mbegu hizo zinapofungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na uchachu na pasipo na baridi. Chupa ya nyama iliyofungwa vizuri ni mahali pa namna hiyo hasa. Hapo mbegu huchipua na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo na binadamu.

Mbegu hizo haziogopi maji yanayochemka. Wataalamu wameonyesha kwamba ili ziangamizwe kwa usalama, yahitajika dakika 3 hivi katika joto la nyuzi 121 za sentigredi, tena joto hilo liwe limefika katikati ya chakula chenyewe. Joto likipungua kwa nyuzi 10, muda unaotakiwa huongezeka mara 10. Kwa hiyo kwenye nyuzi 111 zahitajika dakika 30, na kwenye nyuzi 100 za maji yanayochemka ni saa tano kwenda juu. Sufuria ya presha huyapandisha maji hadi nyuzi 116 kwa kuuzuia mvuke usitoke. Siri yote ya chombo hiki ni nyuzi hizo 16, na kazi yote ya mwenye chombo ni kuhakikisha kwamba kweli zimepatikana.

Mwezi wa Aprili 2015, katika mji wa Lancaster, jimbo la Ohio, Marekani, watu 77 walihudhuria karamu ya kanisa ambayo kila mmoja alileta chakula chake. Miongoni mwa vyakula ilikuwako saladi ya viazi vilivyohifadhiwa chupani nyumbani. Viazi hivyo vilikuwa vimechemshwa majini tu, havikupitishwa katika presha. Watu 29 waliugua na mmoja wao akafariki. Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo peke yake. Mwezi wa Oktoba 2008, hapa kwetu Uganda, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walipatwa na ugonjwa huo huo na mmoja akafa. Uchunguzi ulikielekezea kidole kiungo cha mafuta kilichotengenezwa kienyeji na kuwekwa pasipo utaratibu.

Sumu hii haina alama ya lazima. Yaweza kuwamo ndani ya chupa isiyonuka, isiyovimba wala kubadilika rangi. Aghalabu baada ya saa 12 hadi 36 mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili, kope humlemea, ulimi huwa mzito na kumeza humshinda. Udhaifu huteremka kutoka usoni kwenda mikononi na miguuni, na mwisho misuli ya kupumulia hugoma. Mara nyingi hana homa, na akili yake i timamu muda wote huo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, na waganga waambiwe alichokula, kwani dawa ya kuipinga sumu hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Milima nayo ina hesabu yake

Liko jambo ambalo vijitabu vingi vya sufuria hizi hulitaja kwa maandishi madogo, nalo kwetu ni kubwa. Kadiri nchi inavyoinuka juu ya bahari, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka upesi kabla ya kupata moto wa kutosha. Maji ambayo Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, Kampala, iliyo yapata mita 1,200 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, iliyo juu ya mita 1,800, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ya presha nayo haiponi katika sheria hiyo. Geji yake hupima jinsi mvuke wa ndani unavyoishinda hewa ya nje; hewa ya nje ikiwa nyepesi, geji husoma namba ile ile huku joto likiwa dogo.

Kwa sababu hiyo, presha huongezwa kulingana na kimo cha mahali. Kwa sufuria yenye geji ya mshale, hadi futi 2,000 hutakiwa ratili, yaani paundi, 11 kwa kila inchi ya mraba. Hadi futi 4,000 ni ratili 12, hadi futi 6,000 ni 13, na hadi futi 8,000 ni 14. Kampala yenyewe yakaribia futi 4,000 na vilima vyake vyapita hapo, basi mwenye busara atachagua 13. Wa Kabale atumie 14.

Ziko pia sufuria zisizotegemea mshale, bali uzani: kipande cha chuma kizito kinachokalia bomba la mvuke na kucheza presha inapotimia. Uzani hutumika wa ratili 10 hadi futi 1,000 tu juu ya bahari; kupita hapo ni ratili 15. Kwa kuwa Uganda haina mahali palipo chini ya futi 1,000, hesabu yetu ni nyepesi: kwa uzani, daima ni 15.

Ukaguzi wa chombo

Tulimwomba mzee aiteremshe sufuria mezani tuikague pamoja, kipande baada ya kipande, kama akaguavyo afisa vifaa vya askari wake. Alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba hakutarajia kukuta kasoro.

Tulianza na mwili wa chombo. Sufuria yapasa kukaa imara juu ya meza bila kuyumba, kwani kitako kilichobenuka huonyesha kwamba iliwahi kuachwa motoni ikakaukiwa maji. Mahali penye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, sufuria hiyo haitengenezwi, hustaafishwa. Weusi wa ndani unaoachwa na maji ya chumvichumvi haudhuru, na siki huupunguza. Ya mzee ilikuwa nzima.

Tukaja kwenye kifuniko. Sufuria za nati za masikio nyingi hazina mpira. Chuma hukaa juu ya chuma. Ukingo huo husafishwa kwa kitambaa laini, usiparuzwe kwa sandipepa, kisha hupakwa vaselini au mafuta kidogo sana. Nati hukazwa mbili mbili zinazotazamana, kidogo kidogo, hivyo kifuniko hukaa sawa pande zote. Dereva yeyote wa lori la kikosi aliyewahi kubadilisha gurudumu anaifahamu kanuni hiyo. Kwa sufuria zenye mpira, ule ambao mafundi huuita gasketi, mwenyewe auvute na kuukunja. Ukiwa umekakamaa, umepasuka au unanata, abadilishe. Mvuke unaotoka pembezoni mwa kifuniko ni ushahidi wa kutosha.

Tatu, bomba la mvuke. Tulikiinua kifuniko kuelekea dirishani tukachungulia. Mwanga ulipita nusu tu. Nusu nyingine ilizibwa na mchuzi uliokauka wa siku za mwenyewe wa kwanza. Mzee alipitisha uzi mnene na maji ya moto mpaka mwanga ukaonekana kamili. Bomba lililoziba ni hatari ya aina nyingine, kwani presha isiyopata njia hutafuta ya kwake.

Nne, kinga ya mwisho. Sufuria za zamani zilikuwa na kizibo cha madini laini kilichoyeyuka joto likizidi, au vali ndogo ya usalama; za baadaye zina kizibo cha mpira kinachoruka. Kila kimoja kina kazi ya kujitoa mhanga kabla sufuria haijapasuka. Kamwe kisizibwe kwa msumari, gundi wala kipande cha waya. Mpira wake ukiwa mgumu ubadilishwe pamoja na gasketi.

Mwisho ikabaki geji. Geji ya mshale hupimwa kila mwaka kabla ya msimu wa kazi, wala haizamishwi majini wakati wa kuosha kifuniko. Katika Marekani maofisa wa ugani wa kilimo wa wilaya nyingi huwafanyia wananchi kazi hiyo. Sisi tuliichukua kwa fundi wa majokofu mwenye geji iliyopimwa, akaziunganisha zote mbili kwenye kompresa moja. Geji yake iliposoma 8, ya mzee ilisoma 11. Fundi akarudia mara tatu, na jibu likawa lile lile.

Tuliirudia hesabu ya chupa zile saba mbele ya mzee. Yeye alifuata kijitabu kilichosema ratili 11, namba iliyoandikwa kwa watu wa nyanda za chini. Kwake Kampala alihitaji 13. Geji ikamwambia 11, na kweli ilikuwa 8. Mvuke wenye presha hiyo, kwa kimo cha Kampala, hauzidi nyuzi 110 hivi. Alipungukiwa na nyuzi 6, maana yake ni kwamba kwa dakika zile zile nyama yake ilipata robo tu ya nguvu iliyotakiwa. Kosa si la alumini wala la umri, bali la mshale mmoja uliodanganya na mtu mwema aliyeuamini.

Geji inayopotoka kwa zaidi ya ratili 2 hutupwa, haibembelezwi. Inayosoma pungufu huharibu ladha kwa kuupika mno mzigo. Inayosoma zaidi ndiyo muuaji. Anayeweza kupata uzani unaolingana na bomba la sufuria yake ni bora zaidi, maana uzani hauchakai kwa wepesi wala hauhitaji kupimwa kila mwaka.

Siku ya kazi

Chombo kikiwa kimepita ukaguzi, kazi yenyewe huhitaji nidhamu kuliko ujuzi. Nyama nzuri hukatwa vipande, huondolewa mafuta, hupikwa kidogo, kisha hutiwa katika chupa safi zenye moto pamoja na mchuzi wake, na inchi moja huachwa tupu chini ya kifuniko. Mdomo wa chupa hufutwa na kifuniko hukazwa kwa vidole tu. Bamba la kifuniko hutumika mara moja, halirudiwi. Chupa hukaa juu ya kichanja ndani ya sufuria, ndani ya maji ya inchi mbili au tatu.

Sufuria ikishafungwa, mvuke huachwa utoke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kufunga koki au kuweka uzani. Hatua hii mzee aliiruka, akiona ni kupoteza kuni. Kumbe hewa iliyobaki ndani huchanganyika na mvuke, geji ikaonyesha presha kamili huku joto likiwa halijatimia. Hapo hata geji ya kweli hudanganya.

Dakika huanza kuhesabiwa presha inapotimia, si kabla. Nyama ya vipande katika chupa za robo galani huchukua dakika 90, na katika chupa za painti dakika 75. Maharage yaliyolowekwa na kuchemshwa nusu saa huchukua muda huo huo. Supu ya nyama na mboga, ikiwa nusu ya chupa ni vipande na nusu ni maji, huchukua dakika 75 kwa chupa kubwa na 60 kwa ndogo. Presha ikishuka chini ya kiwango hata kidogo, moto huongezwa na hesabu huanza upya tangu sifuri. Zamu iliyolala usingizi haihesabiwi kuwa zamu.

Baada ya hapo moto huzimwa na chombo huachwa kipoe chenyewe. Sufuria nene huchukua dakika 45 hivi ikiwa na chupa kubwa. Asiimwagie mtu maji baridi, wala asiharakishe kufungua. Haraka ya namna hiyo hupasua chupa na kuunguza nyuso. Kifuniko huinuliwa kwa kuelekeza mvuke upande wa pili. Chupa hukaa saa 12 hadi 24, kisha kila bamba hubonyezwa katikati, linalodunda halikushika.

Twatoa na maonyo matatu. Kwanza, vyakula vizito na vilivyopondwa visifungiwe kwa njia hii, kwani joto huchelewa mno kufika katikati. Matoke yaliyopondwa, posho, wali, tambi na michuzi iliyotiwa unga ni vya kundi hilo. Viungwe siku ya kula. Pili, sufuria ndogo ya presha ya kupikia maharage ya kila siku si ya kazi hii, maana hupata moto na kupoa upesi mno. Inayofaa ni ile iwezayo kubeba angalau chupa nne za robo galani. Tatu, chupa ya nyumbani ambayo mtu hana hakika kabisa na presha yake, dakika zake na hali ya chombo chake isionjwe hata kwa ncha ya kidole. Hata iliyofuata kanuni zote, ni kinga njema kuichemsha kabla ya kula kwa dakika 10, na kuongeza dakika moja kwa kila futi 1,000 za kimo. Kwa Kampala ni dakika 14.

Zile chupa saba

Mzee alituuliza kama zile chupa zingeweza kurudishwa motoni. Tulimjibu kweli: kurudia kwafaa ndani ya saa 24 tu tangu zilipotengenezwa, na zake zilikuwa na wiki tatu. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni, ratili kumi na kitu za nyama si mchezo. Alikaa kitako akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi likiwa ni la kuzika, na tuzike." Alichimba shimo refu nyuma ya nyumba, mahali ambapo mbwa wala mtoto hawezi kufukua, akazitia humo bila kuzifungua, akafukia, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Mwezi uliofuata tulirudi. Sufuria ilikuwa na uzani wa ratili 15, imekauka, imehifadhiwa kwa karatasi ndani na kifuniko kimepinduliwa juu yake, ili isipate kutu wala harufu. Ukutani palining'inia daftari lenye mistari, lililoandikwa kwa mwandiko wa kituo cha polisi: tarehe, aina ya chakula, saa ya kutoa mvuke, saa presha ilipotimia, saa ya kuzima, hali ya mpira, hali ya bomba. Kila chupa ilikuwa na namba yake inayolingana na daftari.

Ndugu askari, wengi wenu mtastaafu na kununua vyombo vilivyotumika, na wengine mtaletewa mizigo ya chakula kutoka nyumbani kwa mikono yenye upendo. Upendo hauui vijidudu. Mwulizeni aliyekifunga chakula: presha ngapi, dakika ngapi, na geji ilipimwa lini? Anayewapenda hataona haya kujibu. Mzee wetu alipotuaga kwenda kupakia chupa mpya kwenye basi la Moroto, alikuwa amenakili kwa mkono ukurasa ule wa daftari na kuufunga juu ya mzigo, ili mwanawe ausome kabla ya kufungua chupa ya kwanza.